Ruwaza haijui kalenda

Nimeletewa msimbo mwingine nikague, na kosa ni lilelile: tarehe anayoandika mtumiaji kwenye fomu ya tovuti inapimwa kwa ruwaza, yaani kiolezo cha mpangilio wa herufi, ya tarakimu nne, kistari, mbili, kistari, mbili, na mwandishi ameridhika kwamba ni halali. Ruwaza hiyo inapitisha 2023-99-99! Hata ukiibana ikatae mwezi wa 13 na siku ya 32, Februari 30 itapita, maana urefu wa mwezi hutegemea ni mwezi gani, na Februari nayo hutegemea mwaka. 2000 ulikuwa mwaka mrefu, 1900 haukuwa, 2100 hautakuwa.

Kinachonikera zaidi ni jibu linalofuata: "Basi naipa `Date` ya JavaScript, ikiwa mbovu itakataa." `Date` ni kifaa cha kuunda tarehe katika JavaScript, lugha ya programu ya vivinjari, na haikatai. Andika `new Date(2023, 1, 30)`. Miezi huhesabiwa kuanzia sifuri, kwa hiyo 1 hapo ni Februari, nawe utarudishiwa Machi 2 bila onyo lolote. Mtumiaji alikosea kubonyeza; wewe umemwekea siku ambayo hakuiandika. Ungemkatalia palepale angesahihisha mara moja. Sasa kosa limelala kwenye hifadhidata likiwa na sura ya tarehe nzuri kabisa, na hakuna wa kulishuku. Dawa ni mistari michache: ukishaunda tarehe, toa tena mwaka, mwezi na siku yake, linganisha na alichoandika mtu. Visipolingana, kataa. Hata mwaka 24, ambao JavaScript huugeuza kuwa 1924, utanaswa hapo. Kwenye PHP, lugha ya programu za seva, kuna `checkdate` ya kuhakiki tarehe, ila inataka mwezi utangulie.

Saa nazo. `new Date("2024-03-05")` husomwa kama saa sita usiku ya UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima, hivyo aliye Marekani akioneshwa kwa saa za kwake ataona Machi 4. Siku ya kuzaliwa haina saa; ihifadhi kama tarehe tupu.

`type="date"`, kisanduku cha fomu kilichotengenezwa kwa ajili ya tarehe, inasaidia, kwa kuwa hata kivinjari kikitanguliza siku au mwezi machoni pa mtumiaji, kinachotumwa ni mwaka, mwezi, siku. Seva lazima ihakiki upya hata hivyo. Mtu anaweza kutuma ombi bila kuigusa fomu yako.

Ukiacha kisanduku huru, utapokea 03/04/2024. Ni Machi 4 au Aprili 3? Zote zipo kwenye kalenda, kwa hiyo hakuna uhakiki utakaokuambia, na msimbo unaokisia kwa lugha ya kivinjari unabahatisha tu. Weka visanduku vitatu, mwezi uchaguliwe kwa jina.

Nisichokuwa na uhakika nacho ni mahali pa kuishia. Desemba 30, 2011 haikuwapo Samoa, kwa sababu nchi ilihamia upande wa pili wa mstari wa tarehe. Je, niikatae kwa mtu wa huko? Sijawahi kuikataa. Zito zaidi ni mtu anayejua mwaka wake wa kuzaliwa tu. Fomu inamlazimisha kutaja siku, anaandika Januari 1, na uhakiki wetu wote unaipitisha. Siku hizi naruhusu mwezi na siku viachwe wazi pale sheria ya kazi hiyo isipovidai, ingawa kila hesabu ya umri inayofuata inabidi ijue la kufanya na mwaka mtupu, na bado sijapata njia moja inayofaa kote.