Je, Wajua? Mariano Rivera Aliwashindaje Wapigaji kwa Mrusho Mmoja?

Kuanzia 1997 hadi alipostaafu 2013, mpigaji aliyesimama mbele ya Mariano Rivera, mrushaji wa timu ya besiboli ya New York Yankees, alijua fika atarushiwa nini. Alijua, na bado gongo lilimvunjikia mikononi.

Siri imo kwenye muda. Kutoka kwa mrushaji hadi kwa mpigaji ni mita 18 na ushei. Mpira wenye kasi ya kilomita 150 kwa saa huumaliza mwendo huo kwa takriban sekunde 0.4, kwa hiyo mpigaji huamua ukiwa bado mbali, akikisia njia yake. Mpira wa Rivera ulifanana na ule wa kawaida unaonyooka, kumbe unahama pembeni sentimita kadhaa, na mpigaji akiutambua amekwisha kulizungusha gongo. Wanaopiga kwa kushoto ndio walioumia zaidi: ulihamia upande wa mikono yao, ukaligonga gongo pale penye wembamba.

Hakufundishwa na mtu. Mwaka 1997 alikuwa akirushiana mpira na Ramiro Mendoza, Mpanama mwenzake, mpira ukaanza kukata kona wenyewe. Yeye na kocha wake Mel Stottlemyre walihangaika kuunyoosha, wakashindwa, wakauacha ulivyo. Rivera amesema daima kwamba ni zawadi ya Mungu.

Na huyu ni mtoto wa nahodha wa mashua ya uvuvi huko Puerto Caimito, Panama, aliyejifunza mchezo kwa glavu ya maboksi ya maziwa!

Kazi yake ilikuwa kuingia mwishoni kulinda ushindi mwembamba. Aliokoa mechi 652, rekodi ambayo haijavunjwa, akatwaa ubingwa mara 5. Mwaka 2019 akawa wa kwanza kuingizwa Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli kwa kura zote, 425 kwa 425. Hata Babe Ruth, gwiji wa zamani wa mchezo huo, hakupata hivyo.

Binafsi, kinachonigusa zaidi ni fainali ya 2001 dhidi ya Arizona, aliyoipoteza. Mrusho ulikuwa uleule. Ulimbana Luis Gonzalez, mpigaji wa Arizona, karibu na mikono kama ulivyowabana wengine wote, mpira ukaruka kilegevu, ukapita juu kidogo ya walinzi waliokuwa wamesogezwa mbele, ukaanguka kwenye nyasi tupu.