Je, wajua kwa nini ukiishtaki Serikali, jina linaloandikwa ni la Mwanasheria Mkuu?

Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alikwenda Mahakama Kuu ya Tanzania kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, au hata 14 kwa idhini ya mahakama. Upande wa pili wa jalada liliandikwa jina la Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Si yeye aliyeitunga sheria ile. Bunge liliipitisha miaka 45 kabla. Hata hivyo aliyeshindwa Julai 2016 ni yeye, aliyekata rufaa ni yeye, na Mahakama ya Rufani ilipoitupa rufaa hiyo Oktoba 2019, aliyeanguka kwa mara ya pili ni yeye tena.

Wanaosikia habari kama hizi hufikiri mojawapo ya mambo mawili: ama mheshimiwa kafanya kosa, ama yeye ndiye bosi wa waendesha mashtaka na sasa kibao kimemgeukia. Dhana ya kwanza huondoka upesi. Ya pili ni sugu, na haikuzuka hewani. Kenya ilikuwa kweli tupu: tangu uhuru hadi Katiba ya 2010, Mwanasheria Mkuu ndiye aliyeshika mamlaka ya kufungua kesi za jinai, kuzichukua kutoka kwa mtu mwingine aliyezifungua, na kuzisimamisha katikati ya safari. Charles Njonjo alikalia kiti hicho kwa zaidi ya miaka 15 kuanzia 1963, Amos Wako kuanzia 1991 hadi 2011. Mkenya aliyekua katika miaka hiyo akikuambia kwamba Mwanasheria Mkuu ndiye anayeamua nani ashtakiwe, hakosei. Anasimulia enzi nyingine.

Katiba ya 2010 ilikata kazi hiyo vipande viwili. Ibara ya 156 inamfanya Mwanasheria Mkuu kuwa mshauri mkuu wa kisheria wa Serikali na mwakilishi wake mahakamani, isipokuwa katika kesi za jinai. Ibara ya 157 inampa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hizo za jinai, na Keriako Tobiko akawa wa kwanza chini ya utaratibu huo mwaka 2011. Tanzania Bara, Mkurugenzi wa Mashtaka aliingizwa kwenye Katiba kwa mabadiliko ya 2005, Ibara ya 59B, na mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ikatenganishwa na ya Mwanasheria Mkuu. Uganda nayo ina wawili. Kwa hiyo mwizi wa ng'ombe akifikishwa kizimbani hapa Tanzania, kesi huitwa Jamhuri dhidi ya fulani, na Mwanasheria Mkuu hana haja hata ya kujua kwamba ng'ombe huyo aliwahi kuwapo.

Kazi anayobaki nayo ni pana. Anaishauri Serikali kisheria, ofisi yake huandika miswada, na hupitia mikataba. Tanzania anaingia Baraza la Mawaziri na haki zote za mjumbe ila kura, na ni mbunge kwa wadhifa wake. Uganda ni waziri kamili. Ushauri wake unasikilizwa kiasi gani ni vigumu kupima kutoka nje, maana mwingi hutolewa faraghani.

Turudi kwenye jalada. Mfikirie mshenga. Barua ya posa anaipeleka yeye. Wakichelewa, wakwe wanamtoza faini yeye. Bwana harusi akiwa na kashfa mtaani, maswali anaulizwa yeye. Hakuna aliyeketi pale anayedhani mshenga ndiye anayeoa. Faini italipwa na ukoo uliomtuma, na akitajiwa mahari inayozidi aliyoagizwa, atasema ngoja nikawaulize wazee. Lakini ukishamwambia yeye, umewaambia wote waliomtuma. Kesho hawawezi kudai hawakusikia. Mwanasheria Mkuu akipokea hati ya madai, Serikali imeipokea. Akijibu, Serikali imejibu.

Faida yake huonekana gari la polisi likikubomolea ukuta. Umdai dereva, mkuu wa kituo, au waziri? Wizara zenyewe huunganishwa, hutenganishwa na kubadilishwa majina kila Baraza linapopanguliwa. Ofisi moja isiyohama inakuokoa na mzunguko huo.

Hayo ni manufaa. Chimbuko ni jingine, na halina huruma sana na mdai. Uingereza ilishikilia kwamba Mfalme hawezi kushtakiwa katika mahakama zake mwenyewe, hivyo raia aliomba kwanza kibali. Sheria ya 1947 ililegeza hilo. Kenya ikapata sheria ya namna hiyo miaka ya 1950, Tanzania mwaka 1967. Kisha mwaka 1974 Tanzania ikarudisha sharti la kibali: huwezi kuidai Serikali mpaka waziri wa Serikali hiyo hiyo akubali. Lilidumu hadi 1993, Mahakama ya Rufani ilipoamua katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun dhidi ya Mwanasheria Mkuu kwamba linakiuka Katiba. Mwaka uliofuata Bunge likaweka notisi ya siku 90 badala ya kibali, na notisi hiyo ipo hadi leo. Nakala yake hupelekwa kwa Mwanasheria Mkuu, na usipomuunganisha kwenye kesi, shauri linaharibika. Kenya ilikuwa na siku 30. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ikaziona kuwa kizuizi cha haki.

Kituko kinachonifurahisha zaidi ni cha 2018. Mabadiliko yale yale yaliyohamisha mashtaka yaliunda pia Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, na kazi ya kusimama mahakamani katika kesi za madai ikahamia huko. Jina halikuhama. Mdaiwa ni Mwanasheria Mkuu, ilhali wanaovaa majoho na kujibu hoja wanatoka ofisi nyingine.

Na ukishinda, usitume dalali wa mahakama akakamate gari lake. Sheria za Tanzania na Kenya zinazuia kukamata mali ya Serikali. Unapewa hati ya deni na kusubiri ilipwe kutoka hazina ya umma. Kenya, ukisubiri mno, unaweza kuiomba mahakama imwamuru katibu wa wizara husika alipe, na akikaidi ni yeye anayekabiliwa na adhabu ya kudharau mahakama. Mwanasheria Mkuu, ambaye jina lake liko juu ya kila karatasi, hulala kwake.

Arusha ina mahakama mbili za kikanda zisizokubaliana katika hili. Kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki anayeandikwa ni Mwanasheria Mkuu wa nchi, kama James Katabazi na wenzake walivyomwandika wa Uganda katika shauri lililoamuliwa 2007. Kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Mchungaji Christopher Mtikila aliposhinda mwaka 2013 kuhusu mgombea binafsi, aliyeshindwa aliandikwa kwa jina lake kamili: Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.