Kokoto chini ya ndoo hazisaidii maji kutoka

Wengi wanaopanda nyanya kwenye ndoo hutandika kokoto kwanza, wakiamini maji yatatoka haraka. Hutokea kinyume. Vinafasi vidogo vya udongo hushikilia maji, hivyo hayashuki kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo ulio juu yake ulowe chapachapa. Tabaka hilo lenye maji huwepo hata bila kokoto. Kokoto za sentimita 5 hulisogeza tu sentimita 5 karibu na mizizi, nayo huweza kuoza.

Kwa ndoo ya lita 20, toboa matundu 6 ya sentimita 1, funika kwa kipande cha chandarua kikuukuu, ujaze udongo sehemu 2, mboji 1, mchanga mnene 1 (wa baharini una chumvi, uache hukohuko). Inua ndoo juu ya matofali.