Mboga ina maji yake

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wanafunzi wangu wa upishi ni hili: mboga ya kusindikiza chakula itiwe maji kiasi gani? Nikiwajibu kwamba isitiwe kabisa, wengi hudhani ninatania.

Tuchukue kabichi, maana ndiyo mboga inayoharibiwa zaidi kwa maji. Karibu asilimia 92 ya uzito wake ni maji. Ukimwaga nusu kilo ya kabichi iliyokatwa kwenye sufuria, umeshamimina gramu 460 hivi za maji, karibu vikombe viwili, ila bado yamefungiwa ndani ya seli za jani. Joto likizivunja kuta za seli hizo, maji hutoka yenyewe. Ukiongeza kikombe kingine, unapata kabichi inayoelea, na ule utamu uliotarajia uwe ndani ya mboga umeshahamia kwenye maji. Vitamini C nayo huyeyuka humohumo, na mwisho wa yote watu humwaga yale maji.

Basi kwa nusu kilo ya kabichi nachukua kitunguu kikubwa 1, karoti 2, nyanya 2 zilizoiva vizuri, vijiko vikubwa 2 vya mafuta na chumvi kama kijiko kidogo kimoja. Sufuria iwe pana na yenye kitako kizito. Ikiwa nyembamba, chini huungua kabla maji ya mboga hayajaanza kutoka, na hapo ndipo mtu hukimbilia jagi. Kama huna budi, nyunyizia vijiko viwili vitatu vya maji ya moto, basi.

Anza na mafuta na kitunguu, moto wa wastani, na utie nusu ya chumvi hapohapo. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye kitunguu, kwa hiyo kinalainika badala ya kukimbilia kuwa kahawia. Kikishalegea na kuanza kung'aa, tia karoti ulizokata nyembamba. Zikaange dakika 4 au 5. Rangi ya machungwa ya karoti huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji, na utaona mafuta yenyewe yakigeuka rangi. Rangi hiyo ndiyo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na mwili huipokea vizuri zaidi ikiwa na mafuta.

Sasa, nyanya. Hapa ndipo ninapobishana na wapishi wengi, tena wazuri. Mazoea ni kukaanga nyanya na kitunguu mpaka ziwe rosti, kisha kutia mboga zote zilizobaki. Rosti hiyo ni tamu, sikatai. Lakini nyanya ina asidi, na asidi huchelewesha mboga kulainika. Kinachoshikilia seli za mboga pamoja ni kitu kiitwacho pektini. Joto huivunjavunja, ndiyo maana mboga huiva. Penye asidi, pektini huwa sugu. Karoti iliyoingia baada ya nyanya hukawia, na kitunguu kilichowahiwa na nyanya kabla hakijalegea hubaki kikikwaruza meno hata mchuzi ukiwa umeiva kabisa. Wewe unaongeza dakika ukingojea karoti, na kabichi inazidi kuharibika.

Kwa hiyo kwangu mboga ngumu hutangulia na nyanya hufuata. Karoti zikishaanza kulegea, zisogeze pembeni, tia nyanya katikati ya sufuria, ziponde kwa mwiko na uziache zichemke mpaka maji yake yapungue na mafuta yaanze kujitenga. Umepata rosti yako, na karoti hazikupoteza kitu. Ukitaka bizari au tangawizi, itangulize kidogo kabla ya nyanya ili ikutane na mafuta kwanza.

Kabichi huingia mwisho na chumvi iliyobaki. Igeuze ipakwe mafuta kote, funika, punguza moto. Mvuke utapanda, utagonga mfuniko na kurudi chini kama matone. Hayo ndiyo maji ya kupikia. Usifunue kila dakika kuchungulia, maana kila ukifunua unayafukuza. Dakika 8 hadi 12 zinatosha, kutegemea unene wa vipande. Ukipita hapo sana, kabichi huanza kutoa ile harufu nzito inayowafanya watoto wakimbie meza: ni gesi zenye salfa, na huongezeka kadiri unavyoipika. Kwa hiyo wanaosema hawapendi kabichi, mara nyingi ninashuku walipewa iliyopitiliza.

Maharage mabichi ya kijani na majani ya kijani hayafuati utaratibu wa mfuniko. Rangi yao ya kijani huharibiwa na joto pamoja na asidi, na mboga zenyewe hutoa asidi kidogo zinapochemka. Ukifunika, asidi hiyo inarudi sufuriani na mvuke, na baada ya dakika 5 hadi 7 kijani kinaanza kuwa cha zeituni. Pika wazi, haraka. Wapo wanaotia magadi soda ili rangi ibaki, na kweli hubaki, ila magadi huvunja pektini upesi mno mboga ikawa uji, na huharibu vitamini C na B1. Mimi sitii.

Tukirudi kwenye kabichi yetu: ikiisha kulainika lakini bado inashikika, funua, ongeza moto na uache maji yaliyobaki yakauke dakika moja au mbili huku ukigeuza. Hapo ladha hukolea, na mchuzi mdogo unaobaki hung'ang'ania mboga badala ya kutuama chini. Onja chumvi sasa, si kabla, kwa kuwa maji yakipungua chumvi huonekana kuzidi.

Ikiwa chumvi inatosha lakini bado unaona imepwaya, kamulia ndimu. Moto uwe umeshazimwa, na kama ulichanganya majani ya kijani, ndimu ingoje mezani, kila mtu ajikamulie kwenye sahani yake.