Kipande cha sauti kikisikika vibaya, si lazima faili liwe limeharibika

Wengi wakiingiza kipande cha sauti kwenye programu ya muziki kikatoka chembamba na cha haraka, hulilaumu faili: wanalifuta, wanapakua upya. Mara nyingi faili ni zima kabisa. Limerekodiwa kwa sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, nayo programu inalicheza kwa 48,000 bila kulibadilisha. Sauti inapanda karibu robo tatu ya toni, na mwendo unaongezeka kwa takriban asilimia 9. Linganisha kwanza namba hizo mbili, kisha ligeuze faili lifuate kiwango cha mradi wako. Tafadhali usishushe toni peke yake, maana mwendo utabaki vilevile. Ngoma zikisikika zimevutika, zima unyooshaji wa mwendo, yaani programu kurefusha au kufupisha kipande kifuate mradi: huenda imekisia tempo (kasi ya mapigo) vibaya.