Mzunguko wa kushurutishana kati ya mzazi na mtoto

Mzunguko wa kushurutishana ni hali ambayo mzazi na mtoto, bila hata mmoja kukusudia, wanazoeshana kupata wanachotaka kwa kusumbuana. Aliyeieleza kwa kina ni Gerald Patterson, mwanasaikolojia wa Oregon, Marekani. Yeye na wenzake waliingia majumbani mwa watu, wakaandika hatua kwa hatua nani kafanya nini na mwenzake kajibu nini. Kitabu chake kuhusu jambo hili kilitoka mwaka 1982.

Chukua mtoto wa miaka mitatu, yuko dukani kwa Mangi na mama yake. Kaona pipi ya kijiti. Mama anasema leo hapana. Mtoto analia, mama anakaza. Mtoto anapandisha sauti, anajigaragaza chini, wateja wanageuka kutazama. Mama kaona haya, anatoa hela: "Haya, shika, unyamaze!" Kimya.

Hapo wote wawili wamelipwa. Mtoto kapata pipi, tena kajua kwamba kulia kidogo hakusaidii, kulia sana ndiko kunakosaidia. Mama naye kapata nafuu, kelele zimekwisha. Huo ndio uimarishaji hasi: tendo linajirudia kwa sababu limeondoa kero. Kesho mtoto ataanzia juu, na mama atalegea mapema.

Wapo wanaosema dawa ni kofi. Sawa, mtoto akizabwa kofi atanyamaza, lakini tazama nani kalipwa: mama tena. Safari ijayo mkono utakuwa mwepesi zaidi, na siku kofi lisipotosha litafuata fimbo. Mtoto naye kajifunza kuwa mwenye nguvu ndiye anayeshinda, somo atakalolipeleka kwa mdogo wake na kwa wenzake wa chekechea.

Kinachokomaza tabia hii kuliko vyote ni msimamo wa leo hapana, kesho haya. Mzazi anayekataa mara nne na kuachia ya tano anamfundisha mtoto kutokata tamaa.

Tunasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ni kweli, ila ni nusu ya habari, maana mtoto naye anamlea mzazi. Alexander Thomas na Stella Chess, walioanza kufuatilia watoto wachanga huko New York mwaka 1956, waliona kuwa watoto hutofautiana hulka tangu uchanga. Mtoto mwepesi wa kukasirika humtoa ukali hata mzazi mpole, hasa mzazi huyo akiwa kachoka na mfukoni hamna kitu. Kumtupia mama lawama zote ni uonevu. Isitoshe, hasira za miaka miwili mitatu ni za kawaida. Si kila anayejigaragaza ana tatizo.

Mafunzo ya wazazi yaliyotokana na utafiti wa Patterson hayaanzi na adhabu. Yanaanza na kumwona mtoto anapofanya vizuri na kumwambia hasa alichofanya: "Umesubiri vizuri mama alipokuwa analipa." Kisha maagizo yanakuwa mafupi, na hapana inabaki hapana. Jiandae tu: kilio kikiacha kulipa, mara nyingi kwanza huzidi, ndipo hupungua. Wengi huachia hapohapo, kwenye kilele, na hilo ni kosa la gharama. Ukijua leo huna ubavu wa kustahimili, heri umpe pipi alipoiomba kwa sauti ya kawaida, kabla chozi la kwanza halijatoka.