Kwa Nini Mtafiti Mmoja Huandika juu ya Bima na juu ya Kwantumu

Wazazi na wanafunzi wanaotembelea idara za hisabati hapa Nairobi huuliza swali la haki kabisa: inakuwaje mtafiti mmoja awe na machapisho ya bima na, kando yake, machapisho ya taarifa za kwantumu, yaani taarifa zinazobebwa na chembe ndogo mno kama za mwanga? Makala moja inazungumzia madai ya ajali za matatu, inayofuata inazungumzia chembe za mwanga zinazobeba ufunguo wa siri. Wapo wanaodhani mtu huyo hajaamua anachotaka. Mimi naona anafanya kazi moja tu: anapima uwezekano wa maafa adimu, na kasi ambayo uwezekano huo hupungua tunapojikinga.

Chukua kampuni ndogo inayokatia matatu bima. Tuseme wastani wa dai moja ni shilingi 100,000. Madai yanakuja bila ratiba, madogo mengi na makubwa machache, na kampuni inatoza asilimia 25 zaidi ya kile inachotarajia kulipa. Mfanyabiashara ataona faida nono. Lakini hesabu iliyoanzishwa na Filip Lundberg wa Uswidi katika tasnifu yake ya 1903 inatoa jibu la kutisha: kampuni hiyo ikianza bila akiba, uwezekano wa kufilisika wakati wowote huko mbele ni asilimia 80. Ikianza na akiba ya shilingi milioni 1, uwezekano unashuka hadi karibu asilimia 11. Kwa milioni 2 ni asilimia 1.5, na kwa milioni 3 ni asilimia 0.2. Kila milioni inayoongezwa inaigawanya hatari kwa zaidi ya 7.

Sasa kampuni hiyo ipunguze bei ili kuwavuta wateja wa wenzake, ziada ishuke kutoka asilimia 25 hadi 10, na akiba ibaki milioni 3. Hatari inaruka kutoka asilimia 0.2 hadi karibu 6, yaani mara 30. Nchi yetu imeshuhudia zaidi ya kampuni moja ya bima ya matatu ikiporomoka, na majeruhi wakabaki na hukumu za mahakama zisizo na wa kuzilipa. Sisemi bei ndiyo iliyoziangusha zote. Nasema tu kwamba Mamlaka ya Udhibiti wa Bima inapodai mtaji unaolingana na hatari, nyuma ya dai hilo kuna hesabu ya namna hii, na abiria wa kawaida ana haki ya kuielewa.

Tuhamie kwenye kwantumu. Mwaka 1984 Charles Bennett na Gilles Brassard walipendekeza njia ya watu wawili kupeana ufunguo wa siri kwa kutumia fotoni, yaani chembe za mwanga. Mdukuzi akiikamata fotoni hawezi kuinakili, kwa sababu hali ya kwantumu usiyoijua hainakiliki. Atalazimika kuipima kwa kubahatisha na kutuma nyingine badala yake, na hapo kila biti (0 au 1 ya ufunguo) ambayo wahusika wanailinganisha ili kuikagua ina uwezekano wa robo moja wa kuonyesha kosa. Wahusika wakikagua biti 10, mdukuzi ana karibu asilimia 6 ya kuponyoka. Wakikagua 50, ana chini ya nafasi moja katika milioni. Wakikagua 100, chini ya moja katika trilioni.

Ukiziweka hesabu hizi mbili pamoja utaona biti zinazokaguliwa zimeshika nafasi ya akiba ya kampuni, na hatari inapungua kwa mwendo ule ule. Nadharia inayoeleza mwendo huo kwa jumla ilitolewa mwaka 1938 na Harald Cramér, profesa wa hisabati ya bima huko Stockholm tangu 1929, ambaye pia alifanya kazi katika kampuni za bima. Jina lake lingali linatajwa katika makala za kwantumu, hata kwenye suala la jinsi kipimo kinavyoweza kuwa sahihi.

Kuna tatizo, na kwangu hili ndilo tamu kuliko yote. Hesabu nilizotoa zinadhani kila dai linasimama peke yake. Mvua za Aprili 2024 zilipofurika hapa jijini, nyumba na magari ya watu wengi yaliharibika kwa pamoja. Ukame wa Marsabit, ambako bima ya mifugo inayotegemea picha za setilaiti ilianza 2010, hauchagui ng'ombe wa mtu mmoja. Mdukuzi naye hana sababu ya kuishambulia kila fotoni kivyake; anaweza kuzishambulia zote kwa mpango mmoja.

Aliyefungua njia hapa alikuwa mtu wa bima tena. Bruno de Finetti alifanya kazi katika kampuni ya bima ya Assicurazioni Generali mjini Trieste kuanzia 1931 hadi 1946. Alionyesha kwamba ikiwa unaweza kuyachanganya mafaili ya madai kwa mpangilio wowote bila kubadilisha uwezekano, basi unaweza kuyahesabu kana kwamba kila dai liko peke yake, mradi ukubali kuna sababu moja ya pamoja usiyoijua. Mwaka 2005 Renato Renner, katika tasnifu yake huko Zurich, alitumia wazo hilo kwa sura ya kwantumu: zichanganye fotoni, kagua chache, na zilizobaki utazichukulia takriban kama zimeshambuliwa moja moja kwa namna moja.

Kuhusu kompyuta za kwantumu nitasema kidogo. Kampuni za bima huiga maelfu ya miaka ya madai ndani ya kompyuta, na kwa kawaida kuongeza usahihi mara 10 kunadai uigaji mara 100. Kinadharia, mashine ya kwantumu ingehitaji kazi mara 10 tu. Mashine za leo bado zina makosa mengi mno kwa kazi hiyo, na anayekuuzia bima "ya kwantumu" sasa hivi umuulize maswali mengi.

Mwanafunzi wa hesabu za bima katika Chuo Kikuu cha Nairobi au kwingineko tayari ana nusu ya msingi. Nusu ya pili ni aljebra ya matriksi, yaani majedwali ya namba, zenye namba changamano, ambamo A mara B si lazima iwe sawa na B mara A. Achukue uthibitisho wa Cramér, abadilishe namba kwa matriksi, aufuate mstari kwa mstari. Mstari wa kwanza utakaokataa kupita ndio wa kumletea msimamizi wake.